Maembe Yaliyopumzika: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Gredi ya Nne

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika shule moja ya msingi ya umma upande wa Eastlands, Nairobi, ambako mimi ni mwalimu wa darasa la gredi ya nne. Mtoto nitamwita Baraka, ingawa hilo si jina lake. Mtaa, shule na mwaka sitavitaja, na mambo machache ya familia nimeyabadilisha ili wasitambulike. Wazazi walisomewa maelezo haya wakayakubali.

Nimeamua kuyaandika kwa sababu kila mwaka, ifikapo katikati ya muhula wa kwanza, wazazi hunijia na karatasi ya Hisabati mkononi na swali lilelile: "Mwalimu, huyu alikuwa anafanya vizuri gredi ya tatu. Ni nini kimemwingia?"

Mtoto na nyumbani kwao

Baraka alikuwa na miaka tisa kuelekea kumi. Mama yake ana kibanda cha mboga kando ya barabara na baba yake ni kondakta wa matatu. Ana dada wa gredi ya kwanza. Nyumbani wanazungumza Kiswahili, na watoto wenyewe kwa wenyewe Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Mama aliacha shule darasa la saba, na jambo la kwanza aliloniambia tulipokutana lilikuwa, "Mwalimu, mimi Kiingereza sina, kwa hivyo kumsaidia siwezi." Sentensi hiyo ndiyo iliyochelewesha kila kitu, na mimi sikuipinga siku hiyo.

Ripoti ya gredi ya tatu ilionyesha "kufikia matarajio" karibu kila mahali. Kusoma kwa sauti alikuwa hodari. Akisimama mbele ya wenzake hakwami, hadondoshi neno, koma na nukta anazipa haki yake. Darasa letu lina watoto zaidi ya 60. Mtoto wa namna hiyo mwalimu humshukuru Mungu, akaenda kwa yule anayekwama. Ndivyo nilivyofanya.

Gredi ya nne inabadilisha nini

Ni vyema kusimama hapa kidogo, maana wazazi wengi hudhani gredi ya nne ni ya tatu iliyoongezwa mwaka mmoja. Katika gredi tatu za kwanza mtoto anajifunza kusoma. Kuanzia ya nne anatarajiwa asome ndipo ajifunze. "Shughuli za mazingira" zinatoweka, zinakuja Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Lishe, na Masomo ya Jamii, kila somo na kitabu chake na maneno yake. Kwenye Hisabati kuna namba kubwa, kuzidisha na kugawanya kwa hatua kadhaa, sehemu, desimali, eneo, saa za asubuhi na jioni, na hesabu za mafumbo ambazo lazima uzielewe kabla hujashika kalamu. Kwenye Kiswahili anaanza kuulizwa ngeli na ufahamu wenye "kwa nini" ndani yake.

Kuna pia suala la lugha. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo analoishi hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza kishike usukani kuanzia la nne. Mitaala imekuja na kwenda, lakini mpaka huo umebaki palepale. Hapa jijini vitabu ni vya Kiingereza tangu chekechea, ni kweli, ila mwalimu wa gredi ya pili humtafsiria mtoto papo hapo bila hata kufikiri. Mwalimu wa gredi ya nne ana mada nyingi za kumaliza, na tafsiri hiyo inapungua kimyakimya.

Isitoshe, kuanzia gredi hii tathmini za shuleni hufuata maagizo ya Baraza la Mitihani, na alama zake hutumwa huko. Tathmini za gredi ya nne, tano na sita zilipangiwa asilimia 60 ya matokeo ya mwisho wa gredi ya sita. Na sijasahau kwamba shule zilipofunguliwa nusunusu Oktoba 2020 wakati wa korona, walioitwa kwanza walikuwa darasa la nane, kidato cha nne, na gredi ya nne.

Yaliyotokea muhula wa kwanza

Tathmini ya katikati ya muhula ilipotoka, Baraka alikuwa "mbali na matarajio" kwenye Hisabati na "kukaribia matarajio" kwenye Sayansi. Kusoma kwa sauti bado alikuwa juu. Mimi niliandika kwenye daftari lake: "Afanye mazoezi zaidi ya Hisabati." Mama alilitii neno la mwalimu. Akamtafutia tuisheni mtaani, shilingi 50 kwa siku, siku tano za wiki. Kwa mama wa kibanda hizo ni pesa.

Wiki tano zilipita. Kujumlisha na kutoa kwake kukawa kwepesi kama maji, lakini hesabu za mafumbo zilibaki vilevile.

Siku moja nilimweka kando wakati wa mapumziko, nikampa swali kutoka kitabuni, nikamwambia alisome kwa sauti. Lilikuwa la Kiingereza, na kwa Kiswahili lasema hivi: mfanyabiashara alikuwa na maembe 248, akauza 95, kisha yaliyobaki akayapanga sawasawa katika masanduku 9. Kila sanduku lina maembe mangapi? Alilisoma bila kosa, kisha akaandika 248 + 95 + 9 = 352.

Nikamwuliza, "Baraka, hapa maembe yamefanywa nini?"

Akaweka kidole juu ya neno "rest", ambalo hapo ni "yaliyobaki", akanijibu kwa utulivu kabisa: "Zimepumzika kwa boxi, Mwalimu."

Hakuwa anacheka. Neno hilo analijua tangu chekechea, ndilo wanaloambiwa watoto mchana walaze vichwa mezani. Maembe yamechoka, yamewekwa sandukuni yapumzike. Na kwa kuwa hakuna kilichoondoka, amejumlisha vyote.

Jioni hiyo nilipitia kibandani kwa mama yake. Nikamwambia Baraka hesabu ileile kwa Kiswahili, nikimtaja mama yake badala ya mfanyabiashara. Alichukua kipande cha katoni na kalamu. 248 kutoa 95, akapata 153. Kisha akasema, akijisemea mwenyewe: "Nikiweka kumi kila sanduku, zinaisha 90. Zimebaki 63. Saba kila moja, zinaisha." Akaandika 17. Hakuna aliyemfundisha kugawanya kwa njia hiyo. Ameiona kwa mama yake akipanga nyanya za mafungu.

Mama aliacha kukata sukuma wiki. "Kumbe anajua?"

Tatizo lilikuwa wapi hasa

Ingekuwa rahisi kusema shida ni Kiingereza na kuishia hapo. Kwa siku mbili nilisema hivyo. Kisha nikampa kifungu kifupi cha Kiswahili, lugha anayoiota. "Wingu zito lilitanda juu ya mtaa. Msichana aliacha kucheza, akakimbia kuanua nguo." Nikamwuliza kwa nini msichana alianua nguo. Akarudi kwenye kifungu, akatafuta, akanisomea: "Kwa sababu aliacha kucheza."

Mvua haikuandikwa. Baraka alikuwa akisoma maneno, jibu akilitafuta humohumo kwenye maneno, na kama halipo anachukua la jirani. Kuunganisha alichosoma na anachokijua, kwamba wingu zito Nairobi ni mvua na mvua ni hasara kwa aliyefua, hakuna aliyewahi kumtaka afanye. Tulimsifu kwa sauti nzuri tukamwachia hapo. Kiingereza kilizidisha tu pengo lililokuwepo tayari.

Kuna karatasi moja ya zamani niliyoifukua baada ya hapo, na bado inaniuma. Swali lilikuwa: basi liliondoka saa 6.30 asubuhi kwa hesabu ya Kiingereza, likasafiri saa 2 na dakika 45. Lilifika saa ngapi? Baraka aliandika 3.15, nami nikapiga mkasi mwekundu. Sasa nikaitazama upya. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ongeza saa mbili na robo tatu: saa tatu na robo. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Mtoto aliihesabu kwa saa ya nyumbani kwao, inayoanza alfajiri, akasahau kurudi kwenye saa ya kitabu. Alihitaji kuambiwa sentensi moja tu: saa za Kiswahili na za Kiingereza zinapishana kwa sita. Mimi nilimpa sifuri.

Tulivyoamua, na kwa nini

Tuliketi watatu, mama, baba na mimi, Jumapili moja baba alipokuwa na nafasi.

Jambo la kwanza lilikuwa tuisheni. Nilishauri isitishwe, kwa sababu walikuwa wakinunua mazoezi ya kitu ambacho mtoto anakijua. Baba alikataa. Aliona, na sikumlaumu, kwamba kuondoa tuisheni kwa mtoto anayeanguka ni kumtupa. Tukapatana siku mbili badala ya tano, na mwalimu wa tuisheni aombwe atoe hesabu za mafumbo pekee, mtoto aeleze kwanza kwa Kiswahili kinachotokea ndipo aandike. Mwalimu huyo alikubali kwa moyo mweupe.

La pili lilikuwa kusoma nyumbani, dakika 20 kila siku. Mama akarudia kwamba Kiingereza hana. Nikamwambia hahitajiki kufundisha Kiingereza. Kazi yake ni kusikiliza na kuuliza maswali matatu kwa Kiswahili: Kumetokea nini? Kwa nini? Umejuaje? Hilo la tatu ndilo lenye nguvu, kwa sababu mtoto analazimika ama kuonyesha mahali pameandikwa, ama kusema "haijaandikwa lakini najua kwa sababu..." Mama anayemhoji mteja aliyedai amelipa jana hashindwi na swali la "umejuaje".

La tatu, daftari la maneno yenye sura mbili. Hesabu na Sayansi za gredi ya nne zimejaa maneno ya Kiingereza ambayo mtoto anayajua kwa maana nyingine. "Left" kwake ni kushoto, kitabuni ni kilichobaki. "Table" ni meza, kumbe ni jedwali. "Volume" ni sauti ya redio, kumbe ni ujazo, na "mass" kwa mtoto wa Kikatoliki ni Misa ya Jumapili, kumbe ni tungamo.

La nne lilihusu kazi za mradi. Masomo ya Jamii ya gredi ya nne yanahusu kaunti yako (ya tano ndiyo inayopanda hadi Kenya nzima). Muhula ule mama alikuwa ametumia shilingi 120 kwa saiba, duka la intaneti, akachapishiwa picha za rangi: jumba la mikutano la KICC, simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, jengo la kaunti. Kazi ilikuwa ya kupendeza. Baraka aliposimama kuieleza, akaniuliza kama hiyo mbuga iko Nairobi kweli. Tukakubaliana saiba iishe, na kila mradi mtoto aanze na kitu anachoweza kukifikia kwa miguu.

Utekelezaji, na pale palipokwama

Wiki tatu za kwanza kusoma nyumbani hakukufanyika ipasavyo. Mama alifunga kibanda saa mbili na nusu usiku, akapika, na kufikia saa tatu mtoto alikuwa anasinzia juu ya kitabu. Dakika 20 zikawa tano, zikawa ugomvi. Mama aliniambia kwa aibu, kama aliyekosea, na ilinibidi nimweleze kwamba aliyekosea ni mimi niliyempa ratiba ya mtu mwenye sebule na mchana mtupu.

Tukahamisha kusoma kibandani, saa kumi na moja jioni, kabla wateja wa kutoka kazini hawajaanza kushuka stejini. Hapo mambo yalibadilika. Baraka alikaa juu ya kreti, mama akikata sukuma, dada mdogo miguuni. Alisoma kitabu cha shule, hadithi fupi nilizomwazima, hata vipande vya gazeti vya kufungia vitunguu. Mteja akifika, kusoma kunasimama, kisha mama anauliza, "Tulikuwa tumefika wapi?" na mtoto lazima akumbuke. Sikupanga hilo. Lakini kila kukatizwa kulimlazimu kushika hadithi kichwani, na nadhani lilimsaidia kuliko zoezi langu lolote. Dada yake naye akaanza kudakia maswali: "Umejuaje? Umejuaje?"

Daftari la maneno lilienda mrama mwanzoni. Aliyakariri kama shairi, "rest, iliyobaki, left, iliyobaki", akafika mahali kitabu kikisema mgonjwa apewe "rest", akanieleza mgonjwa apewe kilichobaki. Tulikuwa tumemtoa shimo hili tukamwingiza lile. Tukafuta orodha. Kila neno likaandikwa ndani ya sentensi mbili, moja kwa kila maana, na mchoro mdogo pembeni. Embe lenye macho yaliyofumba lilichorwa ukurasa wa kwanza.

Baba alileta lake bila kuombwa. Jumapili alimchukua Baraka hadi kwenye gari, wakahesabu: abiria 14, nauli shilingi 70, gari likijaa ni pesa ngapi? 980. Wawili wakishuka njiani wakiwa wamelipa 40 tu, je? Hizo zilikuwa hesabu za mafumbo zenye jasho, na mtoto hakuwahi kuzikosea kwa sababu alimwona kila abiria.

Kwenye mradi wa muhula wa pili niliwaomba watoto wachore njia ya nyumbani hadi shuleni na kutaja alama za kimaumbile. Baraka huvuka daraja dogo kila asubuhi. Maji yanayopita chini yake alikuwa ameyaandika "mtaro". Nikamwuliza maji yale yanaitwaje. Akaenda kuuliza, akarudi kesho yake macho yakiwa wazi: "Mwalimu, kumbe ndio Mto Nairobi? Ule wa kitabu?" Tukazungumza darasa zima kuhusu jina hilo, kwamba limetoka kwa Wamaasai walioliita eneo hili mahali pa maji baridi, na kwamba reli ilipofika mwaka 1899 ndipo mji ulipoanza. Swali lililofuata lilikuwa lake mwenyewe: kwa nini sasa maji ni meusi? Lilikuwa swali la kwanza la "kwa nini" nililolisikia likitoka kinywani mwake.

Matokeo

Mwisho wa mwaka Hisabati ilipanda hadi "kufikia matarajio". Ufahamu wa Kiswahili ulifika hapohapo, na majibu yake ya "kwa nini" yakawa yake, si ya kunakili. Masomo ya Jamii yalimpeleka juu zaidi ya nilivyotazamia. Sayansi ilibaki "kukaribia". Insha za Kiingereza bado ni fupi na zenye woga, na sioni kama mwaka mmoja ungetosha. Kasi yake ya kusoma kwa sauti ilishuka kidogo, na mama alihangaika. Nikamwambia mtoto anayefikiri anaposoma husimama.

Nilipowapa wengine darasani swali la wingu na nguo, nilikuta watoto 11 wanaojibu kama Baraka. Saba kati yao walikuwa kwenye orodha yangu ya "wasomaji wazuri".

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa langu, nalo ni la utaratibu kuliko la moyo. Nilipima kusoma kwa masikio. Mtoto anayekwama hujitangaza mwenyewe. Anayesoma vizuri bila kuelewa hujificha ndani ya sifa. Dakika tatu za kumwuliza "hapa kumetokea nini?" mwezi wa Januari zingeokoa muhula mzima na pesa za tuisheni. Sasa nafanya hivyo kwa kila mtoto wiki mbili za kwanza, saba kwa siku, na hata darasa la watu 60 linaisha.

Lililofanya kazi zaidi ni kumrudishia mama nafasi yake. Wazazi wengi wa mitaa yetu wameaminishwa kwamba asiyejua Kiingereza hana la kumsaidia mtoto wa gredi ya nne. Mtoto aliyezoea kutoa sababu kwa Kiswahili anakwenda nayo hadi Kiingereza, anachohitaji huko ni maneno. Asiyezoea hana cha kubeba hata akimeza kamusi. Mama Baraka hakumfundisha mwanawe neno hata moja la Kiingereza mwaka ule, na ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko sisi sote.

Tuisheni sijui niihukumuje. Ilianza kama hasara, ikageuka msaada mwalimu wake alipoambiwa waziwazi tatizo liko wapi. Mzazi anayelipia tuisheni bila kumwambia mwalimu wa pale mtoto anakwama wapi hasa, analipia saa za kukaa.

Ratiba nayo nasisitiza. Ushauri wowote wa kusoma nyumbani usiouliza kwanza mama anafunga kazi saa ngapi utakufa wiki ya tatu, na lawama zitamwangukia yeye.

Lililoshindikana ni Sayansi. Nadhani sababu ni kwamba kibandani na kwenye matatu kulikuwa na Hisabati tele, na mtaani kulikuwa na Masomo ya Jamii, lakini hatukumtafutia Sayansi mahali pa kuishika kwa mikono. Mboga zinazonyauka mbele yake kila jioni zingetosha kuanzia, na hakuna kati yetu watatu aliyeziona. Mwalimu wake wa gredi ya tano nimempa daftari la maneno pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja, na nimemwomba aanzie hapo: kwa nini mama hunyunyizia sukuma maji saa nane mchana, na umejuaje.